Shimo Tulilolisafisha

Patan, 27 Saun

Kaka yangu mpendwa Tirthaman,

Pokea salamu zangu nikiwa nimeinamisha kichwa mpaka miguuni pako, kama impasavyo mdogo mbele ya mkubwa wake. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na joto la ndani ya yale mabanda ya plastiki ya matango halikutesi kama mwezi uliopita. Je, unakula vizuri? Yule bosi wako anayepiga kelele kabla ya chai bado anapiga, au Korea nzima imemzoea sasa?

Anayekukabidhi barua hii ni Nabin, mtoto wa fundi cherehani wa pale kona, anayerudi kazini baada ya likizo yake. Nimemwomba mambo mawili: akupe mkononi mwako, asiiache kitandani, na akae karibu nawe mpaka umalize kuisoma. Aliniuliza, mtu mwenye simu mbili mfukoni anaandikaje barua kama karani wa zama za wafalme. Nikamwambia abebe tu, asichunguze. Ukweli ni kwamba juma hili nimekupigia mara tatu nikiwa peke yangu juu ya paa, na kila uliposema, "Ehe, mdogo wangu, lete habari," mimi nikaanza kukuuliza mambo ya mpira. Wewe mwenyewe ulicheka, ukaniuliza nimeanza lini kupenda mpira.

Mama hajambo, isipokuwa lile goti lake ambalo kila mvua ikikaribia linamtangulia kujua. Mwaka huu halijapata kupumzika. Imenyesha tangu mwanzo wa mwezi wa Asar, hata ukuta wa nyuma umeota ukungu wa kijani, na mpunga nimeambiwa umestawi vizuri.

Sasa Prabina. Kaka, kama umesimama, kaa. Simu ya mkeo haikutumbukia kwenye ndoo kama tulivyokuambia. Mama aliizima akaifungia kwenye sanduku lake la nguo, chini ya sari yake ya harusi, ili usije ukamwona Prabina usoni. Macho yake yamekuwa ya manjano, na ngozi pia. Leo ni siku ya sita yupo hospitali. Ninapoandika maneno haya yu hai, na mtoto yu hai. Asubuhi nesi amemsikiliza kwa chombo chake akanithibitishia kwamba moyo mdogo unadunda. Lakini hali yake si nzuri, na daktari hafichi.

Mama alitukataza kukuambia. Alisema umebakiza miezi saba tu kwenye mkataba, ukisikia utatupa kila kitu upande ndege, ufike umkute mkeo amepona anakaanga dengu, na kazi imekwenda. Nilimtii, na leo naacha kumtii. Wala sikuandikii kwa sababu ya ugonjwa peke yake, maana ugonjwa hata Nabin angekuambia kwa mdomo. Nakuandikia kwa sababu mimi najua ugonjwa huu ulikotoka. Nivumilie nianze mbali kidogo, maana nikiusema mwisho bila mwanzo hutaelewa, na nikiusema kwanza hutasoma mbele.

Unakumbuka ulivyouacha mtaa wetu ulipoondoka mara ya kwanza. Kila mwenye ua alikuwa ameumwagia saruji, kuanzia sisi wenyewe. Wewe ulichanganya, mimi nikasawazisha, na marehemu Baba akasema sasa hata kuku watatembea bila kuchafua miguu. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na pa kuingilia. Yaliteremka kichochoroni kwa fujo mpaka nyumba ya Ratnaman kule chini, magodoro yakaelea, na Ratnaman akasimama mlangoni na ufagio akitutukana sote wa juu kwa majina. Halafu ukifika mwezi wa Chait, kabla ya mvua, hiti yetu, ile chemchemi ya mdomo wa jiwe kule chini ya ngazi, ilikuwa kavu. Tuliteremka zile ngazi na vyungu, tukakuta mdomo wa jiwe umekauka na buibui amefuma ndani yake. Tukarudi juu kusubiri lori la maji. Mtaa mmoja, mwaka mmoja, tunafurika na tunakufa kiu.

Injinia Mandira alipokuja kutoka ofisi ya kata, wewe ulikuwa umeshaondoka. Ni binti mwembamba mwenye mwavuli mkubwa kuliko yeye. Aliketi nasi barazani akasema maji ya mvua tunayafukuza kama mwizi, kisha tunapanga foleni kuyanunua. Akasema dawa yake ni kuyaacha yakae pale yanapoangukia, yanywewe na udongo polepole, na hiti itarudi yenyewe, kwa sababu maji ya hiti ni mvua ya zamani iliyochelewa njiani. Thakali wetu, mkuu wa wazee wa mtaa, Babu Chirikaji, alimsikiliza macho yamefumba, tukadhani amelala. Kumbe anatafuta la kumpiga nalo. Akamwambia, binti, hizi hiti zilichimbwa kabla babu wa babu yako hajajua kufunga kamba za viatu, leo wewe uje utufundishe maji? Mandira akamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, Babu, lakini hao waliochimba hawakumwaga saruji. Baraza zima likaangua kicheko, na Chirikaji naye akacheka mpaka akayashika meno yake ya bandia.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Sisi ni Awale, kazi yetu ni tofali, na kazi yenyewe ilikuwa ya tofali. Tulivunja saruji za nyua tisa. Tukatandika matofali juu ya mchanga, yamesimama kwa ubavu, bila kuyaunga, ili maji yapite katikati. Vitanda vya maua tukavichimba vikawa chini ya njia badala ya juu yake, mvua ikija iingie humo itulie. Mabomba ya mapaa yote tukayaelekeza kwenye shimo moja kubwa, hatua sitini juu ya hiti, lenye kina cha watu watatu waliopandana. Ndani ya shimo Mandira alitupangia mwenyewe: mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha mkaa, kisha mchanga wa mtoni uliooshwa mara tatu. Kuzunguka mdomo wa shimo nikajenga ukingo wa kuzuia maji ya kichochoro yasiingie. Unajua kichochoro chetu kinavyobeba kila kitu, damu ya mbuzi, maji ya vyombo, na mtaro ukijaa hata ya vyooni.

Aliniachia masharti mawili na akanifanya niyarudie mbele ya watu kama mtoto wa darasa la pili. Yaingie maji ya mapaa na nyua peke yake, ya kichochoro kamwe. Na mchanga ukiziba, parua shubiri moja ya juu, uoshe, urudishe siku ileile, matabaka ya chini usiyaguse. Nikarudia. Chirikaji akaniita mwanafunzi bora, na kuanzia siku hiyo hakuniita jina jingine. Mandira akaongeza kwamba hata hivyo maji ya kunywa tuyachemshe. Kwa hilo nilicheka peke yangu, Kaka. Nilimwambia Prabina, maji yaliyopita kwenye shimo nililolijenga mimi yachemshwe ya nini, yana mafua?

Mwaka jana mambo yalikwenda vizuri mno. Mvua ikanyesha, kichochoro kikabaki na maji ya kifundo cha mguu tu, na Ratnaman hakuutoa ufagio hata mara moja. Wewe ulikuja likizo mwanzoni mwa baridi ukarudi Korea, na ulipofika mwezi wa Magh, mdomo wa jiwe ukadondosha, ukatiririka uzi, kisha unene wa kidole gumba. Prabina ndiye aliyeteka chungu cha kwanza. Wanawake walimpaka tika ya mtindi, mchele na abiri, ile poda nyekundu, mpaka paji lote likawa jekundu. Nilikutumia picha, ukaniandikia kwamba umeionyesha kwa Wakorea wote wa bandani. Mimi nikawa mtu, Kaka. Nilipopita barabarani watu waliniita Bwana Hiti, na nilijifanya sipendi.

Basi ikaja sikukuu ya Sithi Nakha ya mwaka huu. Hiyo ndiyo siku moja ambayo Naga, nyoka watakatifu wa maji, wanayaacha maji yao wakaenda kutembea, na mtu anaweza kuingia kisimani bila kuwaudhi. Na kwa kuwa ni siku moja tu, kila kitu cha maji husafishwa siku hiyo au kinangoja mwaka mzima. Tulisafisha visima viwili, tukasugua hiti mpaka sura ya mamba aliyechongwa kwenye mdomo wa jiwe ikaonekana meno. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamelowa, wamechangamka, aila, ile pombe kali ya mchele, imeshazunguka kidogo. Hapo Chirikaji akaelekeza mkongojo wake kwenye shimo, akauliza, na hili je, mwanafunzi bora? Hili si la maji?

Nikamwambia litaparuliwa juu tu, shubiri moja. Akainama akachungulia, akachota mchanga uliokuwa mweusi, unanuka kidogo, akaupitisha puani kwa kila mtu. Akasema kisima husafishwa mpaka ukaliona jiwe la chini, ndivyo alivyofundishwa na babake, na Naga akirudi jioni akute kitanda kimetandikwa, asikute takataka za mwaka jana. Akaniuliza kama ningemkaribisha mgeni nyumbani nikafagia shubiri moja ya sebule. Watu wakacheka. Mmoja akasema labda Bwana Hiti anaogopa kushuka, kitambi hakimruhusu.

Nilikuwa na masharti ya Mandira kichwani, neno kwa neno. Ningeweza kuyasema. Badala yake nilivua shati nikawa wa kwanza kushuka. Tuliyatoa yote, Kaka, mchanga, mkaa, kokoto, vikapu juu ya vikapu, mpaka tukayaona mawe. Ili vikapu vipite kwa urahisi nikang'oa matofali tisa ya ukingo upande wa kichochoro, nikayapanga vizuri chini ya ukuta, nikisema nitayarudisha. Jioni shimo lilikuwa safi la kupendeza. Tukaweka maua na maziwa ukingoni, wanawake wakala chatamari, zile chapati za mchele, na Chirikaji akanibariki kwa mkono wake juu ya kichwa changu. Mchanga na mkaa ulibaki rundo, na keshokutwa yake jirani aliyekuwa akijenga ghorofa upande wa pili aliomba mchanga nikamruhusu, nikijua nitaagiza mpya mtoni.

Mvua ya kwanza haikungoja. Ilikuja kubwa, na shimo likameza kila kitu bila kusita, maji hayakutuama hata kidogo, yakazama yakipiga kelele. Watu walitoka na miavuli kuangalia. Chirikaji akaniambia umeona, lilikuwa limebanwa tu, sasa linapumua. Siku mbili baadaye hiti ilitoa maji unene wa kifundo cha mkono. Hakuna aliyewahi kuiona hivyo isipokuwa wazee. Watu wa mitaa mingine walikuja na madumu, tukawaruhusu kwa majivuno.

Ugonjwa ulianza mwanzoni mwa mwezi huu wa Saun. Kwanza mtoto wa duka la unga, akapona. Kisha watu wanne nyumba moja. Kisha Chandani, mke wa Ratnaman, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Yeye aliugua siku tisa. Siku ya nane alianza kumwita Ratnaman kwa jina la babake, na ya tisa hakumwita mtu. Tulimpeleka mtoni kumchoma kwa mila zetu, mvua ikinyesha hata moto ukakataa kushika. Saparu, siku ya ng'ombe wa kuwaongoza marehemu wa mwaka, ni juma lijalo, na Ratnaman ameshamtafuta ng'ombe wa kumwongoza mkewe. Nilimwona jana uani anakata karatasi za rangi za kupamba pembe, moja moja, kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa.

Prabina alianza na uchovu. Mama akasema mimba ya miezi minane lazima ichoshe, yeye alipokubeba wewe alikuwa akilala juu ya kinu. Kisha akaacha kula, hata chiura iliyokaangwa, ule mchele uliopondwa bapa, ambayo huwa anaiiba jikoni. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Macho yalipogeuka, Mama alimwita mganga wa manjano kutoka mtaa wa wahunzi. Alimkalisha Prabina, akamwekea bakuli la shaba lenye mafuta ya haradali kichwani, akazungusha nyasi huku akinong'ona mpaka mafuta yakawa ya manjano, akasema tazameni, umetoka. Akakataza bizari, mafuta na nyama. Prabina akatabasamu kwa heshima. Siku tatu tukazipoteza hapo, nami nilikuwepo, nimeshika taa.

Daktari, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alimtazama mara moja akaita kitanda. Alituambia ni homa ya ini, ile inayosafiri kwenye maji yaliyoingiliwa na uchafu wa vyooni. Wengi huugua wakapona kwa kupumzika, lakini mjamzito wa miezi ya mwisho ni jambo lingine kabisa. Wanne au watano wakiingia, mmoja hatoki. Kisha akauliza tunakunywa maji gani. Mama akajibu kwa kujivuna, tena aligeuka akanionyesha mimi kwa kidole: maji ya hiti, Daktari, mwanangu huyu ndiye aliyeyarudisha. Daktari alinitazama. Akaniuliza kama mtaani kuna wengine. Nikasema wapo wachache. Walikuwa kumi na mmoja, Kaka, pamoja na marehemu.

Sasa hivi Prabina analala mchana kutwa. Akiamshwa hujibu, lakini huchanganya. Juzi aliniomba nimletee mwiko achanie nywele. Daktari anasema hiyo ndiyo dalili asiyoipenda, sumu imeanza kupanda kichwani, na wakiona inazidi watamtoa mtoto kabla ya siku zake, na hawezi kuahidi wawili, na hata mmoja anamwahidi kwa shida. Waliuliza mume yuko wapi, maana kuna karatasi ya kutia sahihi. Nimetia mimi kwa niaba yako. Karatasi ya kwanza niliiharibu, karani akanipa ya pili.

Nimefika mahali nilipokuwa nakimbia. Mpaka hapa unaweza kusema mdogo wako ni mjinga aliyeona haya mbele ya wazee, akasafisha shimo lisilosafishwa. Ningetamani ningekuwa hivyo tu. Ujinga ningeuungama hata kwenye simu.

Kaka, mimi nilijua. Juma la pili la Asar, baada ya mvua moja kubwa mno, nilipita pale shimoni asubuhi nikaona maji ya kichochoro yanaingia ndani kupitia pengo la matofali tisa. Hayakuwa maji ya paa. Yalikuwa meusi, yana povu, na yalibeba vitu ambavyo sina haja ya kukutajia. Mtaro wa vyoo ulikuwa umefurika, na wote ulikuwa unateremka kwenye shimo langu tupu. Nilisimama nikanusa. Nikateremka hiti, nikakinga mkono, nikanusa na hayo, na yalikuwa na harufu hafifu ileile. Watu wanne walikuwa wanateka. Mmoja akanisalimu Bwana Hiti.

Ningeweza kuziba mdomo wa jiwe kwa kitambaa na tofali moja, nikapaza sauti. Lakini siku tatu mbele ilikuwa tarehe kumi na tano Asar, sikukuu ya kupanda mpunga, siku ya mtindi na chiura, na ofisi ya kata ilikuwa inakuja kunivika shali ya heshima barazani mbele ya mitaa yote, na watu wa televisheni walikuwa wameshapiga simu. Nikajiambia shali ipite kwanza, kisha nitaagiza mchanga, nitarudisha ukingo, maji yatajisafisha, hakuna atakayejua. Mandira mwenyewe alikuja sherehe ile. Aliniuliza kando kama mchanga umeparuliwa, nikamwambia umeparuliwa. Akafurahi. Nikavikwa shali. Ni nzuri, ya hariri, imo kabatini, sijaigusa tena.

Baada ya shali nikaona aibu ya kuanza kusema wakati nilishanyamaza. Kila siku iliyopita iliifanya siku ya pili kuwa ngumu zaidi. Mchanga nikauagiza, mvua ikazuia lori, sikufuatilia. Matofali yakabaki chini ya ukuta. Mimi, fundi wa kizazi cha tano, nimejenga nyumba za watu ghorofa nne, nikashindwa kurudisha matofali tisa kwa sababu mtu angeniuliza kwa nini leo.

Lakini kuna jambo moja nililolifanya mara moja, bila kuchelewa hata siku. Niliacha kuyanywa. Kazini nilinunua maji ya galoni, na nyumbani nikasema tumbo langu linapenda chai. Prabina, kama kawaida yake tangu umwache kwetu, aliniwekea kila asubuhi jagi langu la maji ya hiti kando ya mlango, limefunikwa kwa sahani. Nililiacha pale limejaa. Sikumwaga, nikiogopa Mama ataniuliza. Nilimwona Prabina anakunywa, tumbo liko mbele yake, mkono mmoja kiunoni, nikavaa viatu nikaenda kazini. Siku thelathini na zaidi. Nimezihesabu na kila nikihesabu napata moja zaidi.

Leo asubuhi nimeziba hiti. Nimepigilia ubao kwenye mdomo wa jiwe na kusimama juu ya ngazi za mwisho, nikawaambia waliokuja na vyungu yote haya niliyokuandikia. Chirikaji alikaa chini pale pale kwenye jiwe lililolowa, akasema, alinong'ona kweli, mimi ndiye niliyesema mpaka jiwe la chini. Nikamwambia Babu, wewe hukujua, mimi nilijua. Wengine walipiga kelele, mmoja akanirushia dumu, likanipata begani. Ratnaman alikuwa nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akapanda ngazi, akaingia kwake akafunga mlango bila kuubamiza. Ningependelea angenipiga. Nimempigia Injinia Mandira, anakuja kesho na watu wa kupima. Kisha nimerudisha matofali tisa. Kazi ya nusu saa, Kaka, pamoja na kuchanganya udongo.

Kwa Prabina sijasema. Nilikwenda jana saa kumi jioni nikiwa nimeamua kumwambia, na kwa bahati nilimkuta macho, akili imemrudia kabisa, amenijua. Akanitangulia. Akaniambia, shemeji, kuna kitu nataka nikushukuru kabla sijasahau tena. Nilikuwa naona ulivyokuwa unaacha jagi lako kila asubuhi bila kuligusa. Nilijua unaniachia mimi, kwa ajili ya mtoto, ili yasinipungukie nikateremke ngazi tena na hili tumbo. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaona haya. Nilikuwa nakunywa langu, halafu nakunywa na lako.

Akafumba macho akilitabasamia tumbo lake. Nesi akaniambia nimwache apumzike.

Njoo, Kaka. Usimngoje Mama aruhusu, wala usinionee huruma ya kunipigia simu kwanza. Kama Mandira au daktari watanipeleka polisi nitakuwa huko, kama sivyo nitakuwa kwenye benchi nje ya wodi, mlango wa pili kushoto. Utanikuta. Utakachofanya na mimi ni haki yako, na sitakwepa mkono.

Wasalimie wenzako wa bandani, na umshukuru Nabin kwa kukaa nawe. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimeandika. Mungu mlinzi wa ukoo wetu akushike safarini, na amshike Prabina mpaka utakapofika.

Ni mimi, mdogo wako,
Asakaji Awale